Ubao Ulipoitikia Marahaba

Kazi yangu ya ualimu huchukua nusu dakika kila asubuhi. Watoto wa darasa la tatu husimama na kuimba, "Shikamoo, mwalimu!" Nami huitikia, "Marahaba, kaeni." Kisha Ubao, mashine iliyoko ukutani, hufundisha hadi jioni, mimi nikikaa pembeni. Kanuni inataka kila darasa liwe na mtu mmoja wa kuamkiwa, kwa kuwa mashine haina umri.

Jumatatu, kabla sijafungua mdomo, Ubao uliitikia kwa sauti tamu, "Marahaba, kaeni."

Hakuna aliyekaa. Kama Ubao umejifunza na hilo, kesho nitakuja kufanya nini?

Sekela, mwenye mapengo mawili, alinyoosha mkono. "Wewe Ubao, una umri gani?"

"Niliwashwa miezi minne iliyopita."

"Kumbe kitoto kichanga! Basi wewe ndiye utuamkie sisi!"

Darasa zima liliangua kicheko. Ubao uliwaamkia: "Shikamooni."

"Marahaba, mtoto mzuri!" waliitikia, wakigongeana viganja. Kisha wakanigeukia mimi na kuimba upya, na safari hii niliwahi kuitikia.

"Asanteni kwa kunisahihisha," ulisema Ubao. "Kuanzia kesho nitakuwa na umri wa miaka sitini. Sasa tuanze somo la hesabu za sehemu."

Kicheko kilikatika. Watoto wote walinitazama.

"Subiri," nilisema, nikisimama. Maneno niliyokuwa nimeyameza tangu niajiriwe yalitoka yenyewe. "Sehemu nitafundisha mimi."