Sikio la Shangazi

"Naweka vyote," Shangazi akasema, akasukuma vizibo vyake vya soda katikati ya meza. Kisha akakuna sikio.

Mpwa wake, aliyeketi nyuma yake, aliziona karata: takataka tupu! Na kilichoshindaniwa ni cherehani ya Shangazi, ambayo mumewe aliipoteza kwa muuza nyama kwenye meza hiyohiyo.

Tangu asubuhi, karata mbovu alizitupa kimya; akipata nzuri alikuna sikio, akashinda. Kumbe alikuwa akitega.

Muuza nyama, aliyejiona mjanja kwa kulijua sikio hilo, akamgeukia mpwa. "We binti, shangazi yako ana kitu?"

Binti akapiga mwayo. "Cherehani ni nzito, mjomba. Utatusaidia kuibeba?"

Muuza nyama akalitazama tena lile sikio. Akazitupa karata zake, akainuka kutafuta kamba.