Jiji la Watu Mia Tatu

Masharubu yalikataa kukaa. Orval Stenrud aliyabandika, yakadondoka. Akayabandika tena, yakaning'inia upande mmoja, kama nayo yalikuwa yamechoka na kazi ya siku hiyo.

"Gundi imekwisha," alisema.

"Tumia asali." Meya Lavonne alikuwa amejibanza dirishani. "Haraka, Orval, anashuka garini!"

"Asali? Nikijilamba je?"

"Usijilambe! Wewe sasa ni Gustav, mjane, fundi saa. Umewahi kuona fundi saa anajilamba?"

Kwenye karatasi za serikali, Tolliver ni jiji. Wenyewe hulitamka neno hilo kwa sauti nzito, halafu wanacheka, maana jiji lenyewe ni barabara moja iliyojikunjakunja mlimani, na nyumba zimekaliana vichwani. Mwaka huo lilikuwa na watu mia mbili tisini na sita, ukimhesabu na Bibi Ottilie, ambaye alishaagwa mara tatu na mara zote akaamka kuulizia supu.

Jimbo lilitaka sensa ihesabu mia tatu. Pungufu ya hapo shule inafungwa, na watoto wanashushwa bondeni kila asubuhi kwa basi, kona arobaini za barafu. Junie, binti wa Orval, ana miaka saba na hutapika kona ya nne. Hilo Orval angelivumilia. Lakini majira ya baridi yaliyopita basi la watalii liliteleza kona ya kumi na moja, likabaki magurudumu mawili hewani, na Orval alikuwa mmoja wa walioshika kamba za kulivuta. Tangu hapo hataki hata kulisikia neno basi.

Walipungua wanne. Orval alijitolea kuwa wote wanne.

Mlima ulikuwa upande wake. Kutoka nyumba moja hadi iliyo juu yake, gari la karani wa sensa lilizunguka dakika nane. Orval alipanda dakika mbili, kwa ngazi za mbao ambazo wachimba madini wa zamani waliziacha nyuma ya nyumba zote, huku akivua mtu mmoja na kumvaa mwingine.

Asubuhi alikuja karani wa kwanza, mama mwenye mafua, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi. Akamwandika Lars, mfuga nyuki. Akamwandika Floyd, kiziwi. Akamwandika Shangazi Hedda, aliyejifunika shali hadi puani kwa sababu ya jino. Kwa meya akamwandika Gustav, akala vipande viwili vya pai ya tufaha, akaenda zake.

Saa saba akaja wa pili, wa kuhakiki kazi ya wa kwanza. Huyu alivaa miwani mikubwa na alisema haraka haraka, kama anayefukuzwa. Nyumbani kwa akina Pruitt alimgeukia mwenye nyumba.

"Huyu Floyd wenu ana umri gani?"

"Hamsini na mbili," akajibu Floyd mwenyewe.

Karani aliacha kuandika.

"Anasoma midomo," alisema Pruitt.

"Mimi nimempa mgongo."

"Ndiyo. Ni hodari sana."

Karani aliandika. Alipofika kwa meya hata koti hakuvua, akauliza kama ile pai ya tufaha imebaki. Ilikuwa imebaki.

Na sasa, saa kumi, alikuwa amefika msimamizi, mwenye sahihi ya mwisho. Nywele nyekundu za kuwaka, mabega juu, sauti ya kuamrisha gwaride. Lars, Floyd na Hedda walishapita mikononi mwake. Alibaki Gustav. Lavonne alimmiminia mgeni kahawa.

"Jina?"

"Gustav."

"Gustav nani?"

Orval alilitafuta jina, halipo. Macho yakatua mezani. "Pai..." alisema. "Paivinen."

Lavonne alikohoa, akageukia ukuta.

"Bwana Paivinen. Unalala wapi?"

"Chumba cha juu."

"Naweza kukiona?"

"Kimejaa saa!" Lavonne aliwahi.

"Mbona sizisikii?"

"Mbovu zote," alisema Gustav kwa huzuni ya ufundi. "Zingekuwa nzima zingekuwa kwa wenyewe."

Msimamizi alikunja midomo, kama anayezuia kitu. Akaegemea mezani kumtazama vizuri, na hapo asali ikapata joto la jiko. Masharubu yakaanza safari. Yakateleza taratibu, yakapita mdomo, yakapumzika kidogo kidevuni, yakatumbukia kwenye kikombe cha msimamizi.

Orval aliyaona yakizama, lakini aliyekuwa akimwona ni Junie, shavu limebanwa kwenye dirisha la basi, kona ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja.

"Mama," alisema, na safari hii sauti ilikuwa yake mwenyewe. "Nina mtoto wa miaka saba..."

Msimamizi aliinama kuchungulia kikombe. Akainama zaidi. Nywele zake nyekundu zikasogea mbele, zote kwa mpigo, zikaanguka juu ya pai.

Chini yake palikuwa na mvi fupi, zimebanwa kwa pini.

Msimamizi aliokota nywele, akapangusa tufaha, akazivaa kinyumenyume. Akavuta fomu, akaandika mia tatu, akatia sahihi. Mlangoni aligeuka na kupenga kamasi.

"Bwana Paivinen," alisema, "ofisi ikipiga simu kuuliza, tulikuja watatu."