Mguu Mwepesi

Mshale wa mafuta ulikuwa umelala kwenye nyekundu, na hospitali ilikuwa bado kilomita kumi na mbili. Makungu alisimamisha pikapu, akashusha matenga yote ya nyanya alizolima msimu mzima, akayaacha kando ya barabara.

"Kanyaga mafuta, Baba Siwema!" mkewe alilia, akiwa amempakata binti yao aliyeshikwa na uchungu tangu alfajiri. "Siwema anaishiwa nguvu!"

"Nikikanyaga, yatatuishia njiani."

Akaendesha taratibu, mguu ukiugusa tu mkanyagio, huku kila kilio cha Siwema kikimchoma. Juu ya kilima cha mwisho injini ilikohoa, ikazima. Kule chini, lango la hospitali lilikuwa wazi. Pikapu ikaanza kuserereka yenyewe, kimyakimya.