Kisanduku cha Mwadime

Kumbukumbu za wazee huhifadhiwa visandukuni msituni. Mwenyewe hukumbuka akiwa na kisanduku chake tu, na ni marufuku kutoka nacho. Kila Jumamosi Mghoi humsomea mumewe, Mwadime, vidokezo njiani: vuka kijito, tafuta mti uliopigwa na radi, pekua mizizini.

Leo Mwadime alipokifungua, uso ukamkunjuka. "Mghoi wangu! Bado umeninunia kwa ile mboga niliyounguza?"

Wakacheka mpaka machozi.

"Nikifiche ndani ya kanga, baba Saru? Nani atajua?"

"Niwe mwizi uzeeni? Sheria ni sheria." Akakirudisha, akakifunika vizuri kwa majani makavu.

Kwenye geti la msitu, Mwadime akampisha Mghoi kwa adabu. "Tangulia, mama. Na wewe ulikuwa unatafuta kisanduku cha nani?"