Bolti Saba za Rangi ya Chungwa

"Kwa uso huo ungekuwa na bunduki, ningekushusha baharini," alisema Lyle.

Des hakucheka. Tangu waruke alikuwa amepakata mfuko wa zana: nyundo, patasi na mtaimbo mfupi. Alikuwa ameligeuzia dirisha uso, bega lake likimwelekea Lyle, kama mtu aliyegombana na mkewe ndani ya gari.

Ndege ilikuwa ya Lyle Pascoe, ndogo, ya viti vinne. Des Hallam hakujua kurusha hata tiara. Kwa miaka arobaini mmoja alikuwa akirusha ndege na mwingine akitangulia kupanda mwambani, na hakuna aliyegusa kazi ya mwenzake.

"Bolti," alisema Des, kwa mara ya tano. "Kwenye Marjorie."

Marjorie ilikuwa njia yao ya kupanda katika mwamba wa kisiwa cha Flinders. Waliipanda mwaka 1981, wa kwanza kabisa, wakaipa jina la mama yake Des. Kila chuma cha kushikia kamba walichokiingiza katika nyufa walikitoa na kuondoka nacho; hawakutoboa jiwe kukaza bolti za kudumu. Kitabu cha wapandaji kiliandika hivyo hivyo: njia safi, haina bolti hata moja. Des hakuwa na mtoto wala shamba. Alikuwa na sentensi ile. Halafu juzi mpandaji mmoja wa Hobart akamtumia picha ya bolti kwenye njia ile.

"Na rangi ya chungwa, Lyle! Wengine wakitoboa jiwe huzipaka bolti rangi ya jiwe. Wana haya kidogo. Huyu kapaka chungwa, kama koni za barabarani, atutukane vizuri."

"Kisiwa unakiona?"

"Si hicho mbele yako?"

"Nakupima macho, mzee."

"Pima yako."

Lyle akapunguza moto wa injini. "Na kondoo je? Wamo uwanjani?"

"Hawamo. Teremka."

Walitua kwenye nyasi za shamba, wakadunda mara mbili. Des akatukana mara mbili.

Chini ya mwamba walijifunga kamba. Lyle alikagua fundo la Des kwa vidole, kitanzi kwa kitanzi, kama walivyozoea tangu ujana, ila siku hizi alichukua muda mrefu zaidi.

"Maliza basi! Unasali rozari?"

"Ukianguka nitamwambia nani pole? Nenda."

Des alikuwa na miaka sabini na moja, lakini hasira ilimpandisha kama kijana. Alipofika kwenye bolti ya kwanza aliingiza chuma chake mwenyewe ufani, akaning'inia, akapiga. Jiwe lililia. Bolti ilichomoka, ikashuka ikizunguka na kuanguka shibiri moja kutoka kwenye kiatu cha Lyle.

Lyle hakusogea.

"Pisha, we! Unataka nikutoboe kichwa?"

"Wewe tupa tu."

Ya pili. Ya tatu. Kila bolti iliacha tundu jeusi, na kila tundu Des alilitazama kama jino lililong'olewa kinywani mwa mama yake.

"Labda," Lyle alipaza sauti kutoka chini, "labda ni mtu aliyetaka kuipanda mara moja tena tu."

"Apande ngazi ya nyumbani kwake! Kama hawezi bila misumari, wakati wake umekwisha. Akae barazani anywe chai, atuachie mwamba wetu!"

Nyundo iliendelea kugonga.

"Sita!" alisema Des, akihema. "Nashuka."

"Bado ile ya kwenye kona."

Des akageuza shingo. Kweli. Ilikuwa imejificha kwenye pembe, kushoto, iking'aa kama chungwa lililoiva.

"Macho ya tai," alinung'unika, akaifuata.

Aliposhuka mikono yake ilikuwa inavuja damu. Alizitia bolti zote saba ndani ya soksi, akaifunga. Mkate wa nyama aliopewa na Lyle aliutupa kwenye kichaka.

"Sikiliza," alisema. "Nikimjua mtu huyu, hata awe nani, sitafunga naye kamba moja mpaka nife. Na wewe uape."

"Mimi?"

"Wewe. Apa."

Lyle alikunja kamba polepole. "Naapa," alisema. "Sitamfunga kamba tena."

Walirudi kwa njia ya kondoo, Des mbele amebeba kamba mgongoni, Lyle nyuma ameshika ncha yake iliyoning'inia, kama alivyofanya siku hizi akichoka. Des alizungumza njia nzima: jinsi atakavyoandika barua, jinsi jina la mharibifu litakavyobandikwa katika kila baa ya wapandaji kutoka hapa hadi Natimuk. Lyle aliitikia, "Mm. Mm."

Ndani ya ndege Des alitupa mfuko wa zana kiti cha nyuma. Alibaki na soksi mapajani. Injini ikawaka, nyasi zikalala, ndege ikaanza kukimbia.

"Des," alisema Lyle. "Nisomee spidi. Jua linanipiga usoni."

Jua lilikuwa nyuma yao.

Des alifungua kinywa atukane, akainama upande wa Lyle. Juu ya kioo cha saa ya spidi, penye sitini, palikuwa na doa nono la rangi ya chungwa, ile ile ya bolti, kubwa kiasi cha kuonekana hata na mtu asiyeona namba. Kulikuwa na lingine kwenye mpini wa mafuta, na lingine kwenye wenzo wa mabawa. Alitazama soksi mapajani mwake, akatazama tena doa, na magurudumu yalikuwa yameshaacha nyasi.