Hondohondo Aliyedai Mkuyu

Hapo zamani Paa aliishi mbali na mama yake, mto mpana ukiwa kati yao. Akapatana na ndege Hondohondo ampelekee mama salamu kila asubuhi mpaka masika yaishe. Walikubaliana kuwa atakayeacha kabla ya hapo atamwachia mwenzake mti wake.

Masika hayajaanza, mama akafariki. Paa alimwendea Hondohondo akilia.

"Kaka, usiende tena. Hakuna wa kupokea salamu."

"Pole sana, dada," alisema Hondohondo. "Lakini tulipatana. Ukiacha sasa, mkuyu wako ni wangu."

Paa aliutazama mti wake. Matunda ya mkuyu ule ndiyo yaliyomlisha yeye na mtoto aliyekuwa tumboni.

"Basi sijaacha," alisema. "Kesho nenda alipolala mama, umwambie mjukuu wake yu karibu kuzaliwa."

Kila asubuhi Hondohondo alivuka mto, akatua penye kaburi na kusema maneno ya Paa kwa sauti. Hakujibiwa. Masika yakaingia, mvua ikamchosha, lakini kilichomlemea zaidi ni ule ukimya.

"Dada, baki na mkuyu wako," Hondohondo alimwomba Paa. "Nifungue tu."

"Mvua bado inanyesha, kaka. Ukiacha sasa, mti wako ni wangu."

Hondohondo aliinamisha kichwa. "Haya, niambie la leo."

"Mwambie mama kuwa mjukuu wake amezaliwa, wa kike, na nimempa jina la bibi yake."

Hondohondo aliruka mvuani. Siku hiyo, baada ya kusema aliyotumwa, alikaa kaburini kitambo, akamwomba mama yule radhi kwa kuudai mkuyu wa mwanawe.