Mitatu Yangu, Minne ya Nani?

Mikaratusi iliyokufa ilikuwa saba. Mama Célestine alikuwa ameua mitatu tu.

Hapo ndipo penye tabu. Ukishitakiwa kwa kosa usilolifanya, unaapa kwa Mungu na kwenda zako. Ukishitakiwa kwa kosa ulilolifanya, unainamisha kichwa na kuomba msamaha. Lakini ukishitakiwa kwa saba nawe una mitatu yako, utaapa vipi? “Haki ya Mungu si mimi, ila kidogo”?

Mwalimu Jean-Berchmans, mwenye miti, alikuwa amekwisha kupeleka mashitaka kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa. Jumatatu, saa tatu asubuhi, wote wawili mbele ya shefu. Célestine akishindwa, atanyang'anywa kishamba chake cha muhogo kando ya chemchemi, kule mlimani juu ya Kasenga. Na kishamba hicho ndicho kilichokuwa kikiwasha moto jikoni kwake.

Miti hiyo mwalimu aliipanda kwa mkono wake kando ya chemchemi hiyo, miaka kumi na miwili iliyopita: mikaratusi arobaini, imenyooka mistari kama wanafunzi siku ya bendera. Kwanza alikata mikuyu ya zamani iliyokuwa imeyakumbatia maji, akafyeka na matete, eti vinaficha nyoka. Kisha akapigilia kibao cha bati: MITI HUITA MAJI. Watu wakapiga makofi. Nusu ya Kasenga ilifundishwa kuhesabu na yeye, nani angembishia?

Miti ikaota mbio. Na maji iliyaita kweli. Iliyaita, yakaja, ikayanywa.

Zamani ulitega bidoni, ukimaliza kumsalimia jirani imejaa. Siku hizi unatega, unasali rozari nzima, unaongeza na litania ya watakatifu, bidoni bado inakohoa. Shimo la Célestine la kuloweka muhogo likageuka tope. Na muhogo usiolowa vizuri hutoa bugali mchungu, ambao hata mgeni mwenye adabu huusukuma pembeni.

Célestine aliyasema hayo mkutanoni, mbele ya watu: “Mwalimu, hii miti yako iko inakunywa kutupita siye bote.”

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Mwalimu hakucheka. Baada ya wiki chache ukaonekana mti wa kwanza umevuliwa ganda kiunoni, mviringo mzima, majani yakinyauka huku umesimama. Ukafuata wa pili, na wa tatu, hadi wa saba. Vidole vyote vikamwelekea mama mwenye mdomo.

Siku ya Ijumaa, akimenya muhogo na jirani yake Spès, alishindwa kuvumilia.

“Spès, sema kweli. Ni weye?”

“Minye? Minye naogopa hata kunyonyoa kuku!” Spès alimtazama kwa jicho la pembeni. “Na weye je?”

“Minye ni mama wa kanisa.”

“Sikuuliza kanisa, dada. Niliuliza miti.”

Wakacheka. Célestine akashusha sauti. “Lakini ile mine, iko imechunwa vizuri sana. Pete safi, kama ilipimwa na rula.”

“Ile mine?” Spès aliacha kumenya. “Na ile mitatu ingine, yenyewe ilichunwa je?”

Ghafula Célestine akaona muhogo mmoja uliohitaji kumenywa kwa makini sana.

Jumapili aliamua kumnasa huyo mwingine. Alijua saa ya kumngojea, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa saa yake mwenyewe: wakati wa misa, mlima mzima unapobaki mtupu. Mharibifu mwenye akili angechagua hiyo hiyo. Na akimshika, Jumatatu atamtwika yote saba, na Mungu atamsamehe ile mitatu.

Akasema tumbo linamuuma, akabaki nyuma. Kengele zilipolia, alikuwa amechuchumaa ndani ya migomba ya kishamba chake, panga mapajani. Panga la nini? Hata yeye hakujua. Mazoea.

Chini ziwa lilimetameta mpaka ng'ambo ya Burundi. Nyimbo za kanisani zilipanda na upepo, zikikatikakatika. Kisha nyayo.

Alikuwa mwalimu mwenyewe. Suti nyeusi ya Jumapili, viatu mkononi, suruali imekunjwa hadi magotini.

Célestine akavuta jani la mgomba mbele ya uso. Mzee ameacha kiti chake cha mbele kanisani ili aje kulinda miti! Akimkuta hapa, na panga, hata kwa shefu hakuna haja ya kwenda. Kesi imekwisha hapa hapa. Akajikunja hadi goti likagusa kidevu.

Mwalimu alipita mti kwa mti. Iliyokufa aliigusa, akatikisa kichwa kama aliyefungua daftari la mwanafunzi mvivu. Akafika kwenye wa nane, mrefu, mnene, wa kijani kibichi. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akavua koti, akalitundika kwenye tawi. Kisha akapiga magoti, akachomoa kisu kiunoni, akaanza kuuzungusha mti huo taratibu, ganda likishuka kama mkanda.



“Toka mu migomba, Mama Célestine,” mwalimu alisema bila kugeuka. “Ile yako mitatu itaota tena, kisu hukufikisha ndani. Kuja ushike upande ule, misa iko karibu kuisha.”

Akatoka. “Mwalimu… na kesho, kwa shefu?”

“Miti iko inakunywa kweli, lakini mwalimu hawezi kusema mbele ya bote kama alikosea. Kesho ukane kwa nguvu, mama. Minye mushahidi sina. Nitalia tu.”